Sauti ya Nane

Sauti ya nane ililia kabla Violeth hajaigusa.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, na upepo wa Agosti ulikuwa ukiupeleka mchanga wote wa Nzuguni mahali usipotakiwa, yaani ndani ya nyumba za watu. Violeth alikuwa sebuleni, amekalia stuli ya jikoni, gitaa la besi la marehemu mumewe mapajani. Alikuwa amepanda sauti saba kwa shida, do, re, mi, fa, so, la, ti, na sasa alikisukuma kidole chake kidogo kuelekea do ya juu kama mtu anayemsukuma mbuzi asiyetaka kuvuka barabara. Kidole hakikufika. Do ililia hata hivyo, nene na safi, ikakaa hewani kidogo, kisha ikafifia.

"Mama, umeweza!" alisema Loisi, binti yake wa miaka minane, aliyekuwa chini mkekani na bakuli la uji. Alikuwa akiupuliza uji ule kwa robo saa nzima. Loisi hakuwahi kula kitu cha moto tangu azaliwe. Alipuliza mpaka kipoe kabisa, na baba yake alizoea kumtania kwamba siku moja atapuliza maji ya mtungini.

Violeth alikitazama kidole chake. Kilikuwa bado juu, mbali na uzi.

Hakushtuka. Asiyemjua angeona ajabu, lakini mwanamke huyu alikuwa hajashtuka, hajacheka wala hajalia kwa miezi kumi. Mumewe, Lameck Matonya, alikufa Oktoba, mchana kweupe, akitoka kwao Haneti kwa pikipiki. Aliingia moja kwa moja nyuma ya lori lililokuwa limeegeshwa, na walioona walisema hakushika breki kabisa. Walimzika huko huko Haneti. Ardhi ilikuwa ngumu kiasi kwamba wachimbaji walimwagia ndoo za maji ndipo jembe liingie, na harufu ya udongo uliolowa ilimfuata Violeth mpaka kwenye basi la kurudia mjini. Chozi halikutoka. Mashangazi wa Haneti waliliona hilo, na mashangazi wakishaona jambo, linafika wilaya nzima. Yeye mwenyewe alikuwa akilingoja chozi kama watu wa mtaa wake wanavyongoja mgao wa maji: ndoo imekaa chini ya bomba, bomba limefunguliwa, hakuna kitu. Mwishowe alirudi kazini, kwenye masjala ya wizara, akaendelea kugonga mihuri.

Gitaa lilining'inia ukutani mpaka Julai, alipokuja Mwalimu Fabian, anayefundisha kwaya ya Ipagala ambako Lameck alikuwa akipiga besi.

"Shemeji, chombo hiki kisikae bure," alisema. "Jifunze wewe. Siyo lazima upige kanisani. Anza na skeli ya meja tu, hii do mpaka do. Sauti nane."

Violeth alikubali kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi. Mwalimu akamwonyesha: do iko uzi wa tatu kutoka chini, kidole cha kati, re, kidole kidogo, halafu unahamia uzi unaofuata, na unaofuata, mpaka do ya juu, ambayo nayo ni ya kidole kidogo. Kidole kidogo ndicho kinachowasumbua wote wanaoanza.

"Na jambo moja," Mwalimu aliongeza akivaa viatu mlangoni. "Ukianza, malizia. Usiiache skeli kwenye ti. Inabaki imeachama, sikio halipendi."

Siku ya kwanza nyuzi zilimkata ncha za vidole, na Violeth akafurahi. Lilikuwa jambo la kwanza alilolisikia mwilini tangu Oktoba. Kwa ajili ya maumivu yale akapiga kesho yake, na kesho kutwa, na kila alipotoka kazini.

Sasa kulikuwa na hii do iliyokuja yenyewe. Akaona labda ni mwangwi. Jumapili, baada ya ibada, akajaribu tena, safari hii kwa kukusudia: akapanda mpaka ti, akaondoa mikono yote miwili, akaiweka kichwani kama mtu aliyekamatwa na polisi. Do ililia. Akainuka kuzima amplifaya, akakuta taa yake haiwaki. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa sita.

Halafu, kabla hajaketi, nyuzi zikagonga zenyewe: mbili, mbili, moja.

Loisi alitoka mbio chumbani. "Baba!" Alikuwa ameshafungua mlango na kutazama uani kabla hajakumbuka. Akabaki amesimama, mkono kwenye kitasa, vumbi likimpita.

Mbili, mbili, moja. Lameck hakubisha hodi kama watu. Aligonga mlango kwa vidole kana kwamba anaanzisha wimbo, na ndani ilibidi mtu aseme karibu, hata kama ni nyumba yake na ufunguo anao. Sebule ikajaa harufu ya udongo uliolowa, ilhali mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha Aprili.

"Ni upepo," Violeth alimwambia mtoto.

"Upepo unajua kugonga hivyo?"

"Funga mlango, vumbi linaingia."

Mtu mwingine angelitupa gitaa lile. Violeth alifanya kosa ambalo ni mpweke tu angelifanya: akaanza kuiacha skeli kwenye ti makusudi, kila jioni, ili yule mwingine amalizie. Alipiga saba, akangoja, na ya nane ikaja, laini, na kale ka mtetemo kadogo mwishoni ambako Lameck alikatoa kwa kuuzungusha uzi chini ya kidole. Hakulia, hakuogopa. Alisema tu moyoni, upo. Ilikuwa kama kumwachia mtu kipande cha mwisho cha nyama kwenye sahani.

Katikati ya wiki, masjala, aliambatanisha barua kwenye faili kwa stepla na mwenzake Ikram akapiga kelele.

"Dada Violeth! Damu!"

Pini ilikuwa imezama kwenye kidole chake kidogo cha kushoto mpaka mwisho. Aliichomoa. Hakusikia inapoingia, hakusikia inapotoka. Kidole kilikuwa kimekufa ganzi chote, kutoka ukuchani mpaka kwenye kiganja, na kufikia Ijumaa kile cha pete kilikifuata.

Alipaswa kuacha hapo. Mimi nadhani alijua. Lakini akifika nyumbani alivua viatu, akakaa kwenye stuli.

Jumamosi iliyofuata alikuwa akikunja nguo chumbani aliposikia gitaa sebuleni, do, re, mi, polepole, mpaka ti. Kisha sauti ya Loisi ikaimba ile ya nane, "Dooo," ndefu, safi.

"Nani amekwambia uguse gitaa la baba?"

"Sijaligusa," alisema Loisi. Alikuwa mkekani, mbali na ukuta. "Baba kapiga. Kasema leo nimalizie mimi."

"Kasema kwa mdomo?"

Mtoto alifikiri. "Hapana. Aliacha tu nafasi."

Violeth alikwenda kumtolea uji, maana mtoto akila huwa anasahau, na alipogeuka kutafuta bakuli Loisi alikuwa ameshamfuata jikoni kusaidia, ameishika sufuria ikiwa bado inachemka, ameishika ubavuni kwa viganja viwili vitupu bila kitambaa, anaipeleka sebuleni taratibu ili isimwagike, na mvuke ulikuwa ukimpanda usoni na ngozi ya viganja ilikuwa ikitoa mlio mdogo kama wa kitunguu kinapoanza kukaangwa, na mtoto alikuwa akitembea, anatazama mbele, anahesabu hatua zake, hajui.

"Loisi! Weka chini!"

"Kwani nimefanya nini?" Aliweka. Akaviangalia viganja vyake, akamwangalia mama yake. "Haiumi," alisema, kwa mshangao wa mtu aliyepewa zawadi asiyoitegemea.

Hapo ndipo kitu kilipomchoma Violeth. Kilichoma kidogo, kwa mbali, lakini alikitambua. Ilikuwa hofu.

Zahanati walimfunga Loisi bandeji. Muuguzi alimgusa kwa sindano mpaka kwenye kiwiko, mtoto akiwa anatafuna biskuti, na akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa Jumatatu. Mwalimu Fabian aliyewasindikiza alimvuta Violeth pembeni walipotoka nje.

"Shemeji, ganzi hii... Lameck naye alikuwa nayo."

"Lini?"

"Miezi ya mwisho. Alikuwa anautikisa mkono baada ya mazoezi, huu wa kulia. Anasema vidole vimelala. Nikamwambia akapime." Akashusha sauti. "Mkono wa breki, shemeji."

Violeth alimpigia simu mama mkwe wake palepale, penye kivuli cha ukuta wa zahanati. Bibi Dorkasi wa Haneti hakuwa mganga wala hakutaka kuitwa hivyo. Alikuwa mpiga ngoma ya muheme, mwanamke aliyeibana ngoma mapajani na kuipiga kwenye sherehe za Wagogo kwa miaka arobaini, na Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nyuzi mlizilegeza?" aliuliza.

"Nyuzi gani, mama?"

"Nakuja na basi la asubuhi."

Alifika na mfuko wa mlenda mkavu na ngoma iliyofungwa kwa khanga. "Mbukwa," alisalimia mlangoni kwa Kigogo, kisha akaongeza, "mnaishi kwenye vumbi kama kuku." Violeth alimpa shikamoo, naye aliitikia huku akilitazama gitaa ukutani. Hakulisogelea. Alikwenda kwanza kumwona Loisi aliyelala chumbani, akakaa naye muda mrefu, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na sauti yake kali.

"Kwetu, katika ukoo wetu, mpiga zeze akifa, nyuzi zinalegezwa kabla yeye mwenyewe hajatolewa ndani. Uzi ukiachwa umekazwa ni kitanda kilichotandikwa. Yupo atakayekuja kulala. Nilimwambia katibu wa kwaya siku ya msiba. Akanijibu, mama, hayo ni ya zamani, gitaa litapigwa makaburini. Wakalipiga."

"Kwa hiyo Lameck yumo humo?"

"Lameck alilinunua wapi?"

Violeth alikumbuka. "Kwa mtu wa Morogoro. Lilikuwa la kaka yake, mpiga dansi. Alikuwa amefariki."

"Na huyo nyuzi zake zililegezwa?"

Violeth aligeuka kulitazama gitaa.

"Basi halikuanza na mwanangu," alisema Bibi Dorkasi. "Hilo ni jini, mama Loisi. Lilikaa na Lameck miaka sita, likajifunza vidole vyake. Linajua alivyogonga mlango. Linakula kile ambacho mtu anasikia mwilini, na kwako lilikuta chakula kidogo. Ndiyo maana limehamia kwa mtoto."

Aliyasema hayo kwa kunong'ona, uso umegeukia ukuta, kama anayeogopa kusikika. Kisha akafungua khanga, akaketi, akaibana ngoma.

"Umeliachia mlango wazi kila siku. Ufunge wewe, kwa mkono wako. Panda mpaka juu, ushuke mpaka chini, pasiwe na sauti hata moja ambayo si yako. Ukimaliza nitalegeza. Na likibisha hodi baada ya leo, usiitike. Leo, kesho, hata ukizeeka. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Ilikuwa saa nane mchana. Bibi akaanza mdundo, mdogo, wa kutembea. Violeth akalishusha gitaa, akapanda. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikuwepo kwake, aliviongoza kwa macho kama vya mtu mwingine. Do, re, mi, fa, so, la, ti. Kidole kidogo kilikuwa bado njiani wakati do ilipolia, nene, ikicheka ndani yake.

"Tena," alisema Bibi.

Mara ya pili ikamtangulia tena, na safari hii ikafuatiwa na mbili, mbili, moja, na harufu ya udongo uliolowa ikapanda kutoka sakafuni mpaka Violeth akahisi ladha yake mdomoni. Kutoka chumbani sauti ya Loisi ikaanza kuimba usingizini, "Dooo," na haikukoma pale ambapo pumzi ya mtoto ilipaswa kukoma, ikaendelea, ikaendelea, na Violeth aliona kwa hakika kwamba wakishindwa hapa mtoto huyu atatembea kwenye moto, atalalia msumari, ataingia nyuma ya lori mchana kweupe akitabasamu.

Bibi Dorkasi hakuacha kupiga. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na mikono yake haikujali. "Mpiga besi hufuata ngoma," alisema, taratibu, kama anayesema na mtu wa tatu chumbani. "Mwanangu nilimfunza hivyo akiwa mgongoni. Nikipiga, anapiga. Nikinyamaza, ananingoja. Hajawahi kunitangulia hata siku moja. Tena, mama Loisi."

Violeth akapanda mara ya tatu. Do, re, mi, na ngoma ikatembea naye. Fa, so, la, na ngoma ikatembea. Ti. Bibi akainua mikono yote miwili juu ya ngozi ya ngoma na hakuishusha.

Pakawa kimya. Kitu kilichokuwa kwenye nyuzi kilikuwa kinangoja ngoma. Violeth alikisikia kikingoja kwa utii, kwa adabu ya mtoto aliyelelewa vizuri, na lilikuwa jambo la Lameck kuliko yote yaliyotangulia, kuliko hata hodi yake. Alitamani kungoja pamoja nacho. Kisha akakitazama kidole chake kidogo, akakisukuma mpaka kwenye uzi, akakibonyeza kwa nguvu zote za bega, akaipiga do ya juu mwenyewe.

Ilikuwa mbaya, sauti kavu iliyokwaruza. Ilikuwa yake. Akashuka, ti, la, so, fa, mi, re, na alipofika chini Bibi alikuwa ameshaliparamia gitaa, anazungusha masikio yake ya kukazia nyuzi moja baada ya jingine, nyuzi zikilegea kwa mlio wa mtu anayeguna akigeuka kitandani, mpaka zote nne zikaning'inia.

Harufu ilikatika. Palibaki vumbi tu, lile la siku zote.

Halafu, chumbani, Loisi akapiga yowe. "Mama! Mikono! Inauma, mama, inauma!"

Violeth hakuwahi kusikia sauti tamu kama ile. Alimbeba mwanawe aliyekuwa akilia na kurusha miguu, akamkumbatia, na katikati ya kilio cha mtoto akasikia kilio kingine, kikubwa, kibaya, akatambua kuwa ni chake. Alilia mpaka magharibi. Majirani walikuja, wakauliza nani amekufa, na Bibi Dorkasi aliwaambia, "Lameck." Walisimama kidogo mlangoni, wakaondoka.

Asubuhi, kabla ya basi, Bibi aliuliza, "Vidole vyote vimerudi?"

Violeth aliviminya kimoja kimoja mbele yake. Cha pete kiliuma. Kile kidogo hakikusikia kitu.

"Vyote, mama," alisema, na akakikunja ndani ya ngumi.

Bibi aliondoka na gitaa. Mikono ya Loisi ilianza kupona, na jioni alipuliza uji wake mpaka ukafanya ngozi juu. Lakini Violeth hakuwa ameambiwa kwamba chozi likishaanza linataka kulipwa miezi yote lililochelewa. Alilia alipoona sabuni ya Lameck bafuni. Alilia masjala, faili usoni, Ikram akimpepea kwa bahasha. Kifua kilimuuma mchana na usiku kama jino. Wiki tatu alikuwa hivyo, chakula hakishuki, na hakuna aliyeweza kumwambia itakwisha lini.

Jumatatu, ofisi ikiwa tupu kwa chai ya saa nne, kidole chake kidogo kiligonga meza. Mbili, mbili, moja.

Alikiwekea faili juu. Jumanne kikagonga tena, naye akauma mdomo, akamfikiria mwanawe, akanyamaza. Alikuwa anajua vizuri kwamba kile si Lameck. Jumatano alikuwa ameamka akilia, amepanda basi akilia, na kidole kilipogonga, polepole, kwa adabu, kikangoja, Violeth aliinama mpaka midomo yake ikakaribia meza.

"Karibu," alinong'ona.

Maumivu yakatoka kifuani yote kwa pamoja, akapumua. Aligonga mihuri vizuri siku hiyo, bila kosa, na Ikram akamwambia, "Leo afadhali dada yangu, uso umetulia."

Jioni alimtilia Loisi uji kutoka jikoni, unachemka. Mtoto aliinua bakuli kwa mikono miwili, akaunywa wote bila kupuliza, akaomba mwingine.